Perege Waliokataa Kukua

Mume wangu alipima ardhi ya watu kwa miaka thelathini na kitu, na siku aliyostaafu akagundua kwamba nyumbani hapakuwa na kitu cha kupima. Kiwanja chetu cha Pangani, hapa Kibaha, alishakipima siku tuliyokinunua, akakipima tena jirani alipojenga ukuta, na mara ya tatu alikipima kwa furaha tu. Wiki ya kwanza ya kustaafu alipima umbali kutoka mlango wa jikoni hadi choo cha nje. Wiki ya pili akaniambia kabati langu la vyombo limeinama. Nikamwombea dua apate shughuli. Dua ikajibiwa kabla sijafikiri niombe shughuli ya namna gani: akaamua kufuga samaki.

Niseme mapema kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyemjua samaki. Yeye ametoka bara, kwenye kijiji ambacho maji ya kunywa yenyewe hufuatwa kwa punda. Mimi nimezaliwa Kisarawe, lakini Kisarawe niliyokulia ilikuwa ya mihogo na mikorosho, na samaki alitufikia akiwa ameshakaangwa, kafungwa kwenye gazeti. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ukiniuliza samaki yumo katika ngeli gani nitakujibu usingizini, lakini sikuwahi kumtazama samaki usoni naye akanitazama.

Wa tatu nyumbani alikuwa binti yetu mziwanda. Alikuwa na miaka ishirini na saba, stashahada yake, na kazi ya ukarani kwenye ghala moja kule Kwala. Kila asubuhi alipotoka, baba yake alimuuliza kama amechukua sweta. Kibaha, mwezi wa pili, saa kumi na mbili asubuhi mtu tayari kashalowa jasho, na yeye anaulizwa sweta. Alikuwa akijibu, "Nimechukua, baba," na sweta hilo sijui hata lilikuwa la rangi gani.

Bwawa lilichimbwa nyuma ya nyumba kwa vipimo ambavyo nadhani vingetosha kujengea daraja. Vibarua walirudishwa mara mbili kunyoosha kona.

"Mzee, samaki hawajui kona," mmoja wao alisema.

"Mimi ninazijua," mume wangu akajibu.

Likatandikwa turubai zito, likajazwa maji, likatulia pale limenyooka kiasi cha kuitia aibu nyumba yenyewe. Kisha tukaenda Kisarawe kununua vifaranga. Nilimpeleka mwenyewe kwa sababu niliifahamu njia, na pia kwa sababu nilitaka ndugu zangu wa huko waone kwamba mume wangu ana mradi.

Muuza vifaranga alikuwa mtu mpole, mwenye mabwawa yaliyojipinda hovyo kufuata mteremko wa shamba lake. Mume wangu aliyaangalia kwa huruma. Yule bwana aliuliza swali moja tu.

"Mzee, nikupe perege madume matupu au mchanganyiko?"

"Madume matupu ya nini? Sianzishi jeshi mimi. Nataka familia."

"Mchanganyiko huzaana, mzee."

"Si ndiyo vizuri?"

Yule bwana akanigeukia mimi, kama fundi anavyomgeukia mke wa mwenye nyumba akitafuta mtu mwenye akili. Nami nikatabasamu. Familia niliona ni jambo jema. Nimelieleza hili kwa sababu baadaye kosa lote lilibaki la mume wangu, na mimi sikufanya juhudi yoyote ya kumpunguzia. Tulirudi Kibaha nimepakata mfuko wa nailoni uliojaa maji na hewa na vijisamaki visivyozidi kidole, navyo vinanitumbulia macho makubwa njia nzima.

Macho yale ndiyo yaliyoleta habari ya kupima. Mume wangu aliona kwamba vifaranga vile vilikuwa vichwa vitupu na macho, na mkia kidogo wa kusukumia. Akataka kujua lini vitapata mwili. Akamwomba binti yetu amtafutie kwenye mtandao maandishi yanayoeleza samaki anavyobadilika umbo anapokua. Binti akatafuta siku hiyo hiyo kazini, akachapisha ukurasa wa kwanza uliokuwa na michoro mizuri, akauleta.

Haukuwa wa perege. Ulikuwa wa samoni, samaki wa nchi za baridi, ambaye sisi tunamjua kwa kumsikia tu, kama tunavyozijua theluji na pensheni nono.

"Samaki ni samaki," mume wangu akasema, na akanipa nimfasirie.

Nikafasiri. Karatasi ilisema samoni mchanga ana kichwa kikubwa kuliko haki yake, na jicho kubwa zaidi, kama mtoto wa binadamu. Anapokua, kiwiliwili hukikimbiza kichwa mpaka kikakipita. Mwili hurefuka, mgongo na tumbo huachana, na jicho huonekana dogo ingawa halijapungua hata chembe. Kisha akikomaa na kukaribia msimu wa kuzaana, dume hubadilika sura kabisa. Mgongo hupanda nundu, na taya hurefuka na kujikunja mbele kama ndoana.

"Kama ndoana," mume wangu alirudia polepole, kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi tulipima. Yeye alivua kumi kwa kijiwavu cha mkono, akawatia kwenye ndoo, akamlaza mmoja mmoja juu ya rula iliyolowa. Alipima urefu kutoka mdomo hadi mkia, kimo kutoka mgongo hadi tumbo, kichwa mpaka mwisho wa kifuniko cha matamvua, na mwisho jicho. Jicho alilipima huku ameshika pumzi. Mimi nilikaa kwenye kigoda na daftari la mistari ya mraba, naandika anachotamka. Nimesahihisha insha za wanafunzi wengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuandika kwa nidhamu kama nilivyoandika macho ya perege.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda kama karatasi ilivyosema. Mwili ulikikimbiza kichwa. Mume wangu alinenepa pamoja nao; alitembea mtaani mikono nyuma, akiwaeleza majirani uwiano wa kichwa na mwili. Kisha, mwezi wa tatu au wa nne, mwili ukachoka mbio. Kichwa kilibaki theluthi ya samaki mzima, na zaidi. Jumamosi moja, Jumamosi ya pili, mwezi ukaisha, tarakimu zilezile. Nikawa nahisi naandika zile za wiki iliyopita.

"Bado ni watoto," alisema. "Kichwa kinakuambia. Angalia kichwa."

Kwa hiyo tuliwalisha kama watoto. Pumba za mahindi, mashudu, dagaa wa kusaga. Kuna wiki samaki walikula dagaa na sisi tukala mchicha. Alivunja mikate ikawa laini. Pembeni ya bwawa vilikuwa vimeanza kuonekana vidudu vidogo vidogo, vyeusi, vikienda kwa makundi. Nikamuuliza ni nini.

"Viluwiluwi," alisema. "Vyura wameingia."

Viliogelea vizuri mno kwa viluwiluwi, lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili.

Mwezi wa nane ndipo taya lilipotokea. Nilikuwa natunga mtihani wa kidato cha pili nikasikia sauti ya mume wangu kutoka bwawani, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kaka yake aliporudi kutoka masomoni nje.

"Mama! Njoo uone! Taya linaanza!"

Nilitoka mbio. Binti yetu naye alikuwa mlangoni na mkoba begani, kwa kuwa Jumamosi hiyo ghala lilikuwa na zamu. Mume wangu alishika dume mmoja mweusi, mapezi yake yana ukingo mwekundu, na kweli midomo yake ilikuwa imevimba na kutokeza mbele. Haikuwa ndoana, lakini mtu aliyengoja miezi minane angeiona ndoana.

"Anabalehe," mume wangu alisema. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo.

Binti akamsogelea, akatandaza kiganja chake karibu na yule samaki. Kiganja kilimshinda samaki.

"Baba, huyu ni mdogo kuliko mkono wangu."

"Ndiyo kwanza anaanza. Subiri. Sasa ndipo watakapovimba."

"Sawa. Baba, kuna jambo nilitaka kuzungumza nawe."

"Jioni, jioni. Umechukua sweta?"

Akanitazama mimi. Nikafanya kama nasoma daftari. Akaenda zake.

Furaha ya taya ndiyo iliyomfanya mume wangu aite mnunuzi. Alitaka, kwa maneno yake, mnunuzi awaone wangali wadogo ili apate muda wa kujiandaa. Akamwita mama mmoja wa Mlandizi, ambaye amekaanga samaki kando ya barabara kuu tangu mimi sijaolewa. Alikuja siku hiyo hiyo alasiri na beseni lake tupu, mikono yake imejaa alama ndogondogo za mafuta ya moto. Alitusalimia vizuri, akakataa kiti, akachuchumaa ukingoni. Mume wangu akavua wachache akawatia ndooni, akafungua daftari.

Yule mama hakutazama daftari. Aliingiza mkono, akamtoa mmoja, akamgeuza huku na huku.

"Mna muda gani nao hawa?"

"Miezi minane."

"Basi, mzee, hawa si watoto."

"Wana vichwa vikubwa, mama," mume wangu akasema kwa upole wa mtu aliyesoma. "Mtoto ndiye mwenye kichwa kikubwa. Akikua, mwili unakipita."

"Kichwa kikubwa ni njaa hiyo. Kichwa hakikondi, mzee. Kinachokonda ni mwili. Mtu mzima ukimnyima chakula miaka, si utamkuta kichwa kipo palepale?"

"Njaa? Hawa wanakula kuliko sisi."

"Wanakula wangapi?"

Mume wangu akataja idadi aliyoinunua Kisarawe. Yule mama alivua mwenyewe mara mbili tatu, akachagua samaki mmoja wa kijivu, wa kawaida kabisa, ambaye tulikuwa tumempima asubuhi. Mdomo wake ulikuwa umefumba na koo limejaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika "kichwa kipana" mbele ya tarakimu zake. Akamshika juu ya bakuli la maji, akambonyeza mashavu kidogo, na mdomo ukafunguka.

Walimwagika. Mayai machache ya rangi ya njano, na baada yake vijisamaki vidogo kama kope za mtu, vyenye macho. Vikazunguka bakulini mara moja, kisha vikajikusanya kumtafuta mama yao.

"Huyu mtoto wako," yule mama wa Mlandizi alisema, "ana watoto mdomoni."

Kuku wa jirani alilia. Mume wangu aliondoa miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Labda amekula vya mwenzake."

"Hajala. Jike wa perege ndivyo anavyolea. Na akilea hali kitu, anafunga mdomo. Wewe unamwaga chakula, yeye amefunga."

"Na hawa wa pembeni?" nikauliza, nikionyesha yale makundi meusi.

"Hao? Wajukuu hao, mwalimu. Vitukuu pengine."

"Viluwiluwi," nilisema, kwa sauti ndogo. Si vizuri, lakini nililisema.

Angetucheka ingekuwa nafuu. Hakucheka. Aliwarudisha wote majini mmoja mmoja, pamoja na wale wa bakulini, akajifuta mikono kwa pindo la khanga, akamwambia mume wangu, "Pole, mzee. Umelisha ukoo." Akaeleza kwamba perege wakibanana na kuzaana namna ile huwa hawakui tena, nguvu yote huishia kwenye kuzaa. Wangekaa humo miaka mitatu wangebaki vilevile, vichwa na macho. Kisha akachukua beseni lake tupu akaondoka.

Mume wangu alikaa kwenye kigoda changu. Nilimletea chai ikapoa. Nilidhani nitamwambia neno la kufariji, na katika kulitafuta nikajikuta nataka kucheka, na katika kuzuia kicheko nikaona kwamba analia kidogo, kwa namna ya wanaume wa umri wake, yaani pua tu. Nikakaa chini kwenye majani karibu naye.

"Miezi minane," alisema. "Nilikuwa nawavunjia mikate."

"Waliipenda."

"Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, mama. Hakuna tarakimu hata moja ya uongo pale."

"Najua. Nimeziandika mimi."

Hilo lilimsaidia kuliko chai. Mtu aliyepima vizuri akakosea maana bado ana heshima yake. Wapo waliopima vibaya wakapandishwa vyeo.

Binti yetu alirudi magharibi. Alitukuta palepale, akavua viatu, akaja akakaa nasi. Nadhani alikuwa amejiandaa njia nzima kutoka Kwala, kwa sababu alianza bila hata kuuliza kulikoni.

"Shikamoo baba. Lile jambo la asubuhi."

"Marahaba. Sema."

"Nimepata chumba Mlandizi. Nataka kuhamia huko. Ni karibu na kazini."

Mume wangu hakumtazama. "Chumba unatafuta lini?"

"Nimeshapata, baba. Nimeshakilipia, mwezi wa tatu huu. Kitanda kipo. Jiko la gesi lipo. Siku za zamu ndefu huwa nalala huko, niliwaambia nalala kwa rafiki."

"Una jiko?"

"Ninalo."

"Unapikia nini?"

"Sufuria," binti akasema, akaniangalia, akainamisha kichwa. Ndipo nilipojua sufuria zangu mbili zilikokwenda. Nilikuwa nimemshuku msichana wa jirani kwa miezi mitatu, hata salamu yake nilikuwa naiitikia nusu. Mungu anisamehe, na yule msichana naye, ingawa mpaka leo sijamwomba.

Nilingoja mume wangu akasirike. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, ya pande zote mbili. Alilitazama bwawa, ambako perege walikuwa wanapiga midomo juu ya maji wakidai chakula cha jioni.

"Umeme upo?" akauliza.

"Upo."

"Mlango una kufuli la maana?"

"Upo wa chuma, baba."

"Kina ukubwa gani?"

Binti hakujua. Aliinua mabega. "Cha kawaida tu."

"Hakuna chumba cha kawaida," mume wangu akasema. "Jumanne nitakuja kukipima."

Binti akanitazama akiwa hajui kama amekatazwa au ameruhusiwa. Mimi nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na mmoja, nikamkonyeza kwamba ameruhusiwa.

Jumanne alikwenda kweli, na utepe wake. Alirudi na taarifa kwamba ukuta wa upande wa dirisha umekosea kwa upana wa vidole viwili, na kwamba amemweleza mwenye nyumba, na mwenye nyumba amemkaribisha soda. Sufuria hakuzirudisha. Alisema zinapikiwa.

Wiki iliyofuata tulilimwaga bwawa. Sitaki kusimulia wingi wa samaki waliokuwa humo. Mtu hawezi kuamini, na mimi sikuwa na moyo wa kuhesabu. Maji yalipobaki magotini, bwawa lote lilikuwa linaruka. Yule mama wa Mlandizi alikuja na mabeseni mawili akachukua waliofaa kukaushwa, akisema atajua la kuwafanyia. Waliobaki tuliwagawa mtaa mzima. Kwa siku kumi Pangani yetu ilinuka mafuta ya kukaangia, na kila nyumba niliyopita mtu aliniinulia kisamaki kimoja kwenye vidole viwili, akaniambia, "Mwalimu, watoto watamu!" Mume wangu aliwaitikia wote. Alikuwa ameacha kueleza uwiano.

Kisha tukarudi Kisarawe. Yule bwana mpole alitukuta kwenye mteremko wake, akatuamkia, na safari hii hakuuliza lolote. Alianza moja kwa moja kutia madume kwenye mfuko.

"Si ulisema unataka familia, mzee?" akasema huku ameinama, uso haonekani.

"Ninayo moja," mume wangu alijibu. "Inatosha."

Madume wale walikua. Tuliwapima, siyo kila Jumamosi, mara moja kwa mwezi, na daftari likawa na tarakimu mpya kila ukurasa. Mwezi wa nne kiwiliwili kilikipita kichwa na hakikurudi nyuma. Mgongo ukapanda, tumbo likashuka, na jicho likawa dogo usoni bila kupungua. Karatasi ya samoni ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo. Ndoana tu ndiyo haikuja, na mume wangu alilichukulia jambo hilo kwa utulivu, akisema pengine ni kwa sababu ya joto.

Jumapili ya kwanza ya kuvua tulimwalika binti yetu. Alikuja na rafiki yake wa kazini, kijana mnyamavu, ambaye mume wangu alimkagua kutoka juu hadi chini kwa jicho la taaluma lakini hakutoa utepe. Nilipika perege mmoja wa nazi aliyejaza sinia, nusura mkia ugonge ukingo. Kichwa cha samaki nyumbani kwetu ni cha baba. Hakuna aliyewahi kukipanga hivyo, kimekuwa hivyo tu. Siku hiyo mume wangu alichukua kijiko, akakitenga kichwa taratibu, akakiweka kwenye sahani ya binti yake.

Binti alikitazama. Nacho kikamtazama.

"Asante, baba," alisema. "Lakini mimi sili kichwa. Sijawahi kula."

"Hujawahi?"

"Kinanitisha kwa macho."

Mume wangu akamtazama kwa muda, mtoto wake wa miaka ishirini na nane sasa, mwenye chumba, mwenye jiko, mwenye kijana mnyamavu pembeni. Kisha akakirudisha kichwa kwenye sahani yake mwenyewe, akakifungua mashavu, akaanza kula kwa furaha ambayo hakujaribu hata kuificha.